Ganda Likinasa, Acha Kuvuta



Huko Wisconsin, jimbo la kaskazini mwa Marekani, msimu wa kuwinda kulungu kwa bunduki hufunguliwa Jumamosi ya kabla ya sikukuu ya Shukrani, mwezi Novemba, nao ni wa siku tisa tu. Kwa hiyo ukiingia Oktoba, taa za gereji na za vyumba vya chini ya nyumba zinawaka mpaka usiku. Watu wanajaza risasi. Wamekusanya maganda waliyofyatua mwaka jana, wameyasafisha, wanayabana yarudie kipimo chake, kisha wanatia fataki mpya (kilipuzi kidogo cha kitakoni kinachowasha baruti), baruti mpya na kichwa kipya. Na katika mojawapo ya nyumba hizo mtu ameushusha mkono wa mashine, ganda limeingia, sasa anataka kuupandisha na mkono haupandi. Ganda limenasa.

Hiyo ndiyo mada yetu leo. Najua wengi mnaonisikiliza mko Tanga, Kisumu au Bukoba, mashine hiyo hamna nyumbani, na kwetu si jambo la kujiamulia. Tanzania ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, Kenya ina Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na chini ya sheria hizo kutengeneza risasi bila kibali ni kosa. Risasi kwetu ni kazi ya viwanda vya serikali, Mzinga kule Morogoro na kile cha Eldoret. Marekani mambo ni tofauti. Sheria ya shirikisho haimdai mtu leseni ili ajaze maganda yake kwa matumizi yake mwenyewe. Leseni inamhusu anapoanza kutengeneza za kuuza. Wapo ndugu zetu wengi Minneapolis, Columbus na Dallas, na baadhi yao wamejifunza kuwinda na kulenga shabaha wakiwa hukohuko. Na ninyi mafundi wa karakana mlioko nyumbani, hata kama hamjawahi kushika bunduki, bakini hapa. Kipande cha chuma kilichonasa ndani ya kingine mnakijua vizuri kuliko mimi.

Tuanze na ganda lenyewe. Limetengenezwa kwa shaba njano, asilimia 70 shaba halisi na asilimia 30 zinki. Madini hayo yanapendwa kwa kazi hii kwa sababu hutanuka bila kupasuka, na yakishatanuka hurudi kidogo. Chukua risasi ya .30-06, ile iliyopitishwa na jeshi la Marekani mwaka 1906 na ambayo wawindaji wanaitumia mpaka leo. Baruti inapowaka, shinikizo ndani ya ganda linaweza kukaribia pauni 60,000 kwa inchi ya mraba, zaidi ya mara 4,000 ya shinikizo la hewa inayotuzunguka. Ganda linavimba mpaka linagusa kuta za chemba ya bunduki, linaziba gesi isimrudie mpigaji usoni. Shinikizo likishuka, linasinyaa kidogo, na ndiyo maana linatoka. Lakini halirudi lilivyokuwa. Ukitaka kulitumia tena kwa uhakika, lazima ulibane.

Linabanwa ndani ya dai. Dai ni kipande cha chuma kigumu chenye tundu lililochongwa kwa umbo la ganda, dogo kidogo kuliko chemba ya bunduki. Inafungwa kwa nyuzi juu ya presi, ile mashine yenye mkono. Dai nyingi za Marekani zina kipimo kimoja, kipenyo cha inchi 7/8 na nyuzi 14 kwa kila inchi, ndiyo maana dai ya kampuni moja hukaa kwenye presi ya kampuni nyingine. Ganda linakaa chini, ukingo wake umeshikwa na kishikilio. Ukishusha mkono, ganda linapanda, linasukumwa ndani ya tundu. Pini iliyo katikati ya dai inapenya kwenye ganda na kuitoa fataki kuukuu kwa chini. Ukipandisha mkono, ganda linashuka, na gololi ndogo iliyo juu ya ile pini inapita shingoni na kuitanua ifikie kipimo.

Sasa angalia kinachotokea ndani humo. Shaba laini inasuguliwa kwenye chuma kigumu kwa nguvu kubwa, na sehemu inayobana zaidi ni ile ya chini karibu na kitako, kwa sababu pale ukuta wa ganda ni mnene. Pakiwa na mafuta, vitu viwili hivyo havigusani hasa; kuna utando mwembamba kati yao. Pakikosa mafuta, shaba inaanza kung'ang'ania chuma kwa vipele vidogo sana, kila kipele kinakwangua kingine, na msuguano unapanda ghafla. Mtu aliyezoea anausikia kabla haujamshika: mkono unakuwa mzito katikati ya safari, na wakati mwingine ganda linalia, mlio mkavu wa meno. Aliyezoea anasimama hapohapo. Mgeni anasema moyoni, "Limebaki kidogo tu," anaegemeza kifua, na ganda linaingia lote. Kuingia limeingia.

Maganda ya bastola hayana sana kasheshe hii. Mengi yamenyooka, hayana bega wala shingo, na dai zake za siku hizi zina pete ya kabaidi, ngumu na nyororo kiasi kwamba huhitaji kupaka kitu. Hapo ndipo mtego ulipo kwa wengi. Mtu anaanza na 9mm, anabana maganda mia kadhaa makavu bila shida, siku moja ananunua bunduki ndefu na dai yake, anadhani kazi ni ileile.

Wengine hupaka, ila hupaka vibaya. Yapo mafuta ya kupuliza yaliyotengenezwa kwa lanolini iliyoyeyushwa kwenye alkoholi. Lanolini ni mafuta ya manyoya ya kondoo, yaleyale ambayo akina mama wanaonyonyesha hupaka chuchu zikichubuka, na kwa kazi hii yana nguvu ya ajabu. Lakini alkoholi lazima iruke kwanza. Ukipuliza na kubana papo hapo, unabana kwa alkoholi, na alkoholi si kilainishi. Dakika chache za kusubiri zinatosha, maganda yametandazwa kwenye sinia, yanageuzwa. Hilo limeandikwa kwenye chupa, na bado naamini hakuna sababu nyingine inayonasisha maganda mengi kuliko mtu kukosa subira ya dakika hizo.

Ipo pia nta ya kopo, unapaka kwa ncha ya kidole. Kwa mtu anayejaza maganda hamsini ya kuwindia, mimi ningemshauri nta. Ni polepole, lakini kila ganda linapita mkononi mwako, unalihisi, na huwezi kulisahau hata moja. Unapaka mwilini, hasa sehemu ya chini kuelekea kitako, na kidogo sana ndani ya shingo ili ile gololi ipite. Begani usijaze. Mafuta yakizidi hayana pa kwenda, yanabanwa kati ya ganda na dai, na kwa kuwa majimaji hayabanwi, shaba ndiyo inayobonyea. Utatoa ganda lina kishimo begani. Kishimo kidogo si janga, kinaondoka risasi ikifyatuliwa, lakini ni dalili kuwa mkono wako mzito.

Kuna mambo mengine mawili ya kuangalia. Dai mpya hutoka kiwandani na mafuta ya kuzuia kutu, ambayo hayakutengenezwa kwa kazi ya kubana; isafishe kwanza, na maganda ya mwanzo yapake kwa ukarimu kuliko kawaida. La pili ni maganda ya kuokota kwenye viwanja vya shabaha. Huwezi kujua yalifyatuliwa kwenye chemba ya aina gani. Yaliyopita kwenye bombomu mara nyingi yamevimba kuliko ya bunduki ya kawaida, hivyo yanabana zaidi yanaporudishwa kwenye kipimo.

Haya, limeshanasa. Usivute.

Najua mkono unawasha. Mkono wa presi ni mrefu, unakupa nguvu kuliko unavyodhani, na kinachoshikilia ganda ni ukingo mwembamba tu pale kitakoni. Ukikaza msuli, ganda halitoki. Ukingo ndio unaochanika. Unasikia "tak!", mkono unapanda ghafla, umefurahi nusu sekunde, kisha unaona kishikilio kimeshuka na kipande cha ukingo, na ganda lenyewe bado liko juu, sasa halina hata pa kushikwa. Ni pete iliyokwama kidoleni: kadiri unavyoing'ang'ania ndivyo kidole kinavyovimba. Jaribu mara moja kwa upole, mkono mtupu, bila bomba la kurefusha. Haikutoka, acha.

Usiichome dai kwa moto pia. Wapo wanaofikiri kwamba chuma kikipata joto kitapanuka na kuliachia ganda. Shaba hupanuka kuliko chuma, kwa hiyo ganda linazidi kujaza tundu, na ukizidisha joto unaua ugumu wa dai.

Na baridi je? Hii ndiyo dawa inayosifiwa sana: weka dai kwenye friza usiku kucha, shaba itasinyaa kuliko chuma, ganda litaachia. Kimsingi ni kweli. Lakini tupige hesabu. Shaba njano husinyaa takriban sehemu 19 za milioni kwa kila digrii moja ya Selsiasi, chuma sehemu 12. Kitako cha ganda la .30-06 kina kipenyo cha milimita 12 hivi. Ukitoa dai kwenye digrii 20 za chumbani ukaipeleka 18 chini ya sifuri, tofauti unayopata ni kama milimita 0.003. Ni nafasi ndogo mno. Ganda lililonasa kwa uvivu tu, lenye mafuta kiasi, linaweza kuachia ukiligonga kutoka juu likiwa bado baridi. Lililokwanguana na chuma halitajua hata kwamba limelala kwenye friza. Jaribu ukipenda, haina madhara, ila usiitegemee.

Dawa ya uhakika ni ya karakana, na fundi yeyote wa Gerezani au Gikomba akiielezwa mara moja ataifanya. Kwanza, kabla ya chombo chochote, hakikisha fataki imetoka. Nitalirudia hili kwa sababu ndilo lenye hatari. Kwa kawaida imeshatoka, kwani ile pini huisukuma nje ganda linapofika juu. Tazama kitako: ukiona tundu tupu, endelea. Ukiona fataki bado imo, weka vyombo chini usikilize mpaka mwisho.

Fataki haimo. Vuta kishikilio kwa ubavu kitoke kwenye ganda, kama ukingo bado mzima, kisha fungua dai kutoka kwenye presi, iondoke na ganda lake. Juu ya dai kuna fimbo yenye ile pini na gololi. Ilegeze uipandishe kadiri itakavyopanda. Ukiiacha chini, kekee yako itakutana na pini, na sasa una vitu viwili vilivyoharibika.

Bana dai kwenye jiliwa, kitako cha ganda kikitazama juu, na weka vipande vya mbao au shaba kati ya meno ya jiliwa na nyuzi za dai. Vaa miwani. Toboa katikati ya kitako, pale pale ilipokuwa fataki. Hapa bahati iko upande wako: tundu la fataki kubwa lina kipenyo cha milimita 5.3 hivi, na kekee unayoihitaji kwa boliti ya robo inchi itakayolivuta ganda ni ya milimita 5.1, kwa hiyo tundu lenyewe linaiongoza kekee ikae katikati. Kwa mwenye vyombo vya milimita, kekee ya 5 na tepu ya M6 inafaa vilevile. Toboa mpaka upenye ndani ya ganda, usizidishe. Shaba inatobolewa kirahisi, kekee huwa na tabia ya kujivuta yenyewe ndani, basi ishike vizuri.

Kisha ingiza tepu ukate nyuzi. Tone la mafuta, nusu mzunguko mbele, robo nyuma, ukivunja vipande vinavyokatika. Usiwe na pupa hapa, kwa sababu ni nyuzi hizi zitakazobeba nguvu yote. Zikiwa chache au zimekatwa vibaya, boliti itazing'oa, na utabaki na ganda lenye tundu kubwa.

Sasa chukua kikombe cha chuma kinachouzwa kwa kazi hii, au soketi ya spana ambayo mdomo wake ni mpana kuliko kitako cha ganda, uisimamishe juu ya dai ikizunguka kitako. Juu yake weka washa nene. Pitisha boliti katikati ya washa, ishuke, iingie kwenye nyuzi ulizokata. Anza kukaza. Boliti haiwezi kushuka kwa sababu kichwa chake kimezuiwa na washa, kwa hiyo ganda ndilo linalopanda kuifuata. Boliti ya robo inchi yenye nyuzi 20 kwa inchi hulivuta ganda milimita 1.27 kwa kila mzunguko mzima. Mizunguko ya mwanzo ni migumu, mkono unasita, kisha unasikia kishindo kidogo ganda linapoachia. Baada ya hapo linatoka karibu bila kulazimishwa.

Vifaa hivi vinauzwa vimekamilika, kekee, tepu, boliti na kikombe ndani ya boksi moja. Kampuni ya RCBS ni mmoja wa wauzaji, ile aliyoianzisha Fred Huntington huko Oroville, California, mwaka 1943, wakati wa vita, risasi zilipokuwa adimu. Ushauri wangu ni kuvinunua siku ileile unaponunua dai yako ya kwanza ya bunduki ndefu. Dai za Lee Precision, wao wako Hartford, Wisconsin hiyohiyo, zimebuniwa kwa njia nyingine: fimbo yake imeshikwa na kibano, unakilegeza, unaigonga fimbo kwa nyundo kutoka juu, ganda linasukumwa nje bila kutoboa. Soma karatasi iliyokuja na dai yako kabla hujachukua kekee. Baadhi ya watengenezaji pia hukubali utume dai kwa posta, wakakutolea wao.

Ganda lililotoka ni takataka, lina tundu na nyuzi kitakoni, liende na vyuma chakavu. Dai iangalie kwa tochi. Ukiona mistari ya rangi ya dhahabu ndani, hiyo ni shaba iliyobaki imeshikamana. Isipoondolewa, itakwaruza kila ganda litakalofuata na kukunasia tena. Kitambaa kwenye kijiti na king'arishi laini cha metali vinatosha, msasa hapana. Na unawe mikono kwa sabuni kabla ya kula, kwani masizi ya fataki nyingi yana madini ya risasi yenye sumu.

Kuna jambo litakalowashangaza wanaopata maganda ya Ulaya. Mfumo wa fataki unaotumika Marekani, wenye tundu moja la moto katikati, ni wa Mwingereza, Edward Boxer. Ule wenye matundu mawili pembeni, ulioenea Ulaya na katika majeshi mengi, ni wa Mmarekani, Hiram Berdan. Yote miwili ni ya miaka ya 1860. Pini ya dai imetengenezwa kwa tundu la katikati. Ukiweka ganda la Berdan, pini inagonga chuma kitupu, inapinda au kuvunjika, na fataki inabaki mlemle. Angalia ndani ya shingo kwa tochi kabla ya kubana ganda usilolijua.

Na sasa ile fataki iliyobaki. Inatokea mtu amepata maganda ambayo mwingine alishayatia fataki mpya, anaondoa pini ili asiipoteze fataki, anabana, na moja linanasa. Fataki ni kilipuzi. Ni ndogo, lakini imetengenezwa ilipuke kwa kugongwa, na ganda linaielekeza nguvu yake upande mmoja. Kekee inagonga, inasugua na kutia joto kwa wakati mmoja. Kuilowesha kwa mafuta si kinga. Fataki nyingi zilizoloweshwa zimewaka baadaye kama kawaida. Friza haiisaidii, moto ndio usiseme, na nyundo vilevile.

Kwa hiyo, ewe ndugu yangu uliye Minneapolis au popote sheria inapokuruhusu: kama kitako cha ganda lililonasa bado kina fataki hai, usitoboe, usigonge, usipashe joto. Acha dai ilivyo, kitako chake kisielekee kwa mtu, mpigie simu mtengenezaji au fundi bunduki mwenye leseni, umwambie wazi kwamba fataki imo, na usiitume kwa posta kabla hawajakujibu.